Waliotoa hawakuwa matajiri

Mhariri,

Gazeti lenu nimelinunua tangu enzi zile lilipokuwa likifika Bagamoyo na basi la jioni, habari zikiwa zimeshapoa, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Lakini ile makala ya wiki iliyopita kuhusu misioni yetu na fedha zake imenishinda kumeza. Mwandishi wenu anasema Shirika la Kipapa la Uenezaji Imani, lile la Kanisa Katoliki linalokusanya michango ya misioni, lilianzishwa Roma mwaka 1922, na kwamba misioni ya Bagamoyo ilijengwa kwa mifuko ya matajiri wa Ulaya. Nilisoma mara mbili nikadhani ni miwani.

Tuanze na mwaka. Kama shirika lilizaliwa 1922, Padre Horner na wenzake waliovuka kutoka Unguja mwaka 1868 kuja kuanzisha misioni hapa Bagamoyo walikuwa wakiletewa senti na nani? Shirika lilianza Lyon, Ufaransa, Mei 1822. Mwaka 1922 Papa Pius XI alihamishia makao yake Roma na kulipatia hadhi ya Kipapa, basi. Mmewanyang'anya watu miaka mia moja kamili kwa kalamu moja.

Na hao matajiri! Aliyewasha moto ule ni msichana, Pauline Jaricot, aliyezaliwa 1799. Kwao walikuwa na uwezo, sikatai, lakini aliowaendea ni wasichana wa viwanda vya hariri. Utaratibu wake hata mtoto wa darasa la tatu anauelewa: watu kumi, mkusanyaji mmoja wanayemfahamu, kila mmoja sou moja kwa wiki, yaani sarafu ya santimu tano. Kumi kumi zikikutana zinakuwa mia, mia zinakuwa elfu. Mwaka mzima mtu alikuwa ametoa faranga mbili na santimu sitini. Huyo ndiye tajiri wenu. Tena kila kundi la watu kumi lilipata nakala ya jarida lenye barua za mapadre kutoka misioni, likapita mkono kwa mkono, ili mfumaji ajue sou yake imefika wapi. Makusanyo ya kwanza yaligawiwa Uchina, Kentucky na Louisiana. Ndiyo, Mhariri, Marekani! Hao tunaowasubiri leo uwanja wa ndege na vikapu mkononi, walianza kwa kupokea sarafu za wafumaji. Jaricot mwenyewe alitapeliwa mali yake yote katika mradi wa kiwanda alichotaka kiwafae wafanyakazi, akafa Januari 1862 akiwa ameandikwa kwenye orodha ya maskini. Alitangazwa Mwenyeheri, hatua moja kabla ya kuitwa Mtakatifu, Mei 2022, miaka mia moja na sitini baadaye. Waliomdai hawakungoja hivyo.

Bagamoyo ilipata pia fedha za Utoto Mtakatifu, shirika alilolianzisha Askofu Forbin-Janson wa Nancy mwaka 1843, watoto wakisaidia watoto. Fedha hizo ndizo zilizokomboa watoto waliokuwa wakiuzwa kama mbuzi. Mmoja wao ni babu mzaa bibi yangu. Sisemi mapadre walikuwa malaika. Wale watoto walilima shamba la misioni na minazi ile walipanda wao, na wakati mwingine najiuliza bibi angeuita uhuru wa aina gani. Kimbunga cha Aprili 1872 kikaangusha majengo, wakaanza upya, tena kwa sarafu zilezile. Hayo hamkuandika. Mmetoa aya tatu nzima kwa Livingstone, aliyelala hapa usiku mmoja, tena akiwa maiti.

Sasa niwaambie kwa nini neno "matajiri" limeniuma.

Mwaka juzi dada yangu mkubwa alifariki. Alikuwa akisali parokia moja nje ya mji, sitaitaja, wenyewe wanajijua. Alikuwa ameugua miguu, hatoki ndani, miezi saba. Asubuhi ya msiba, maiti bado haijaoshwa, akaja kiongozi mmoja wa jumuiya, akakaa mkekani, akatoa pole vizuri kabisa, kisha akaomba kadi ya zaka, ile ya michango ya muumini ya kila mwezi. Nikadhani anataka jina la ubatizo. Hapana. Akaifungua gotini, akatoa kalamu mfukoni, akaanza kuhesabu visanduku kwa ncha ya kalamu: Januari, Februari, Machi... saba vitupu. Elfu mbili kwa mwezi, elfu kumi na nne. "Dada, tukiweka hili sawa, padre atakuja." Wanawake wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wakainamisha vichwa, mmoja akajifanya kutafuta kandambili zake. Nikatuma kwa simu palepale, na makato juu yake, mikono ikinitetemeka hadi nikakosea namba ya siri mara mbili. Akaandika kisanduku kimoja kimoja, saba vyote, akapuliza wino ukauke. Wiki tatu baadaye parokia hiyohiyo ilifanya harambee ya paa. Mshereheshaji akaita: wenye milioni mbele, wenye laki tano wafuate, wenye laki moja simama tuwaone. Mfanyabiashara mmoja aliyeahidi milioni tatu alipigiwa makofi ya kilo na akinamama wakamvisha kitenge. Aliahidi tu, Mhariri. Wenye mia tano waliambiwa kapu litapita nje, mlangoni, wakati wa kutoka, ili lisicheleweshe ratiba. Bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu alikuwa ameifunga sarafu yake kwenye pindo la khanga. Akalifungua lile fundo, akaitazama, akalifunga tena. Paa lile mpaka leo ni nusu, na hesabu zake sijawahi kuzisikia zikisomwa.

Na kama tunazungumzia kupotosha, hebu muwasemeshe na hawa vijana wanaotembeza wageni pale misioni. Nimemsikia mmoja kwa masikio yangu akiwaambia watalii kwamba ule mnyororo uliomezwa na mbuyu walifungiwa watumwa. Mzungu akatoa leso. Mnyororo ule, wazee walivyotusimulia, ni wa punda wa Madame Chevalier, yule Mfaransa aliyekuwa akitibu wagonjwa. Mbuyu ulipandwa na mapadre mwaka 1868, ulikuwa mche tu. Mtumwa gani angefungwa kwenye mche? Historia ya utumwa mji huu inayo ya kutosha, haina haja ya kukodi punda.

Mnataka dawa? Ninayo. Paroko anunue ubao mweusi wa futi nne kwa sita, wa shule, ule wa mbao, na chaki boksi moja. Autundike nje, chini ya kengele, usawa wa macho ya mtu mfupi. Kushoto zilizoingia, kulia zilizotoka, kila Jumamosi kabla ya masifu ya jioni, na aandike mtu mwenye mwandiko unaosomeka, si yule katibu wetu. Majina ya watoaji yasiwekwe hata moja. Gharama ya ubao nitatoa mimi, na sihitaji kitenge.

Mwandishi wenu naye aje Bagamoyo siku ya kazi, asije Jumapili pamoja na mabasi ya hija. Nitamwonyesha makaburi ya mapadre, ahesabu mwenyewe waliokufa na homa wakiwa vijana. Dafu nitamnunulia.

Na mkisahihisha ule mwaka, sahihisheni ukurasa uleule mlioukosea, kwa herufi zilezile. Msinifichie kule nyuma chini ya matangazo ya viwanja.

Mwalimu mstaafu,
Magomeni, Bagamoyo