Asante uliyenielekeza kwenye wp_reset_postdata()

Ndugu uliyenijibu usiku ule bila kutaja jina, asante sana. Ukurasa wa bidhaa kwenye WordPress, mfumo wa kutengeneza tovuti, ulikuwa unaonyesha bei ya makala nyingine kabisa, na mteja anasubiri. Ukanieleza kwa upole: WP_Query ya pembeni (msimbo unaochota makala nyingine kutoka hifadhidata) ikimaliza mzunguko wake wa kuzipitia moja moja, makala ya mwisho hubaki imeshikiliwa, kwa hiyo get_the_ID() inaleta namba ya makala hiyo, si ya ukurasa wenyewe. Nikaweka wp_reset_postdata(), inayorudisha makala ya ukurasa wenyewe, baada ya mzunguko, bei ikakaa sawa.

Tena ukaongeza ambalo wengi hawalisemi: get_post_meta(), inayosoma taarifa za ziada za makala kama bei, bila true mwishoni hurudisha orodha, hata thamani ikiwa moja tu. Ungeweza kunirushia msimbo nikanakili, ila wewe ulinifundisha sababu. Mungu akuzidishie.