Barua ya wazi kwa vijana wetu wa Iowa mnaoacha timu kwa sababu ya benchi

Wanangu wa Cedar Rapids, Waterloo na Des Moines, salamu nyingi.

Msimu haujafika katikati na tayari baadhi yenu mmerudisha kofia ngumu na kinga za mabega. Sababu ni ileile: kocha amempa mwingine nafasi ya kwotabeki, yule mrusha pasi anayeongoza mashambulizi katika futiboli ya Kimarekani, nanyi mmeona hamthaminiwi. Mkiulizwa, mnajitetea kwa jina la Kurt Warner, kwotabeki maarufu wa zamani, kwa kuwa ni mtoto wa Iowa hii hii. Mnasema alikuwa akipanga makopo dukani usiku, Mungu akamwinua ghafla, akatwaa Super Bowl, fainali ya ubingwa wa futiboli. Kwa hiyo nanyi mnakwenda kuungoja muujiza wenu nyumbani.

Hiyo "ghafla" ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nimeisikia madhabahuni, nimeiona kwenye video za simu, na kila mara hadithi inakatwa palepale penye mafunzo.

Warner alizaliwa Burlington mwaka 1971, akakulia Cedar Rapids. Chuo Kikuu cha Northern Iowa, pale Cedar Falls, alikaa benchi hadi mwaka wake wa tano, 1993. Alipopewa timu, akamaliza msimu akiwa mchezaji bora wa ushambuliaji katika ligi yao ya vyuo. Mwaka 1994 hakuna timu ya NFL, ligi kuu ya kulipwa, iliyomchagua. Green Bay Packers wakamwita kambini, akawakuta Brett Favre, Mark Brunell na Ty Detmer mbele yake, akaachwa. Ndipo akaingia zamu ya usiku katika duka la Hy-Vee, dola 5.50 kwa saa.

Hapa wasimuliaji wenu huruka moja kwa moja hadi kombe. Rudini nyuma kidogo.

Kuanzia 1995 hadi 1997 alichezea Iowa Barnstormers pale Des Moines, katika futiboli ya ndani ya ukumbi. Uwanja wake una urefu wa yadi 50, upana kama nusu ya ule wa kawaida, na wachezaji 8 kila upande. Katika nafasi finyu hivyo mlinzi anapumua shingoni mwa kila mpokeaji. Ukimngoja mwenzako aachwe wazi, umechelewa. Mpira lazima uutume mahali atakapofika, kabla hajageuka. Miaka mitatu mkono wake ulizoeshwa hivyo, na fainali mbili, ya 1996 na ya 1997, akashindwa zote. Mwaka 1998 St. Louis Rams wa NFL wakampeleka Uholanzi, kwa Amsterdam Admirals, akaongoza ligi ya Ulaya kwa yadi za pasi. Akarudi Rams kuwa kwotabeki wa tatu. Msimu mzima alirusha pasi 11 tu. Mwanzoni mwa 1999, Cleveland Browns waliporuhusiwa kuchukua wachezaji wa timu nyingine, Rams hawakumweka kati ya wasioguswa, na Cleveland nao wakampita. Agosti, Trent Green, kwotabeki wa kwanza wa Rams, akaumia goti, na Warner akapewa nafasi yake. Januari 2000, kule Atlanta, pasi za Warner zikafikisha yadi 414 katika Super Bowl na Rams wakawafunga Tennessee 23 kwa 16.

Niambieni, ghafla iko wapi hapo?

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Wanaposimulia kazi ya dukani huisimulia kama aibu aliyookolewa nayo. Baba na mama zenu wengi wako zamu za usiku viwandani, na ndio wanaolipia viatu mnavyochezea. Wachungaji, wazee wenzangu, tunawafundisha nini watoto hawa tukiwaambia jasho la usiku ni shimo la kungojea muujiza?

Sasa benchi lenyewe. Mazoezini, simama nyuma ya anayecheza, kama yadi 10. Kabla mpira haujatolewa, watazame walinzi wawili wa nyuma kabisa. Wakikaa wawili, mara nyingi katikati pana nafasi. Akibaki mmoja, tafuta pembeni. Watazame tena mpira ukishatoka, kwa sababu walinzi hao huficha mpango wao. Taja kwa sauti ndogo ungempa nani, kisha piga hatua zako za kurudi nyuma bila mpira: tatu kwa pasi fupi, tano kwa ya kati, saba kwa ndefu. Kosa lenu kubwa ni kumkodolea macho mpokeaji mmoja. Mlinzi hufuata macho yako. Na yupo anayejifanya anakuja kukukaba, kisha anarudi nyuma kwenye njia ya pasi. James Harrison wa Pittsburgh alimfanyia hivyo Warner katika Super Bowl ya Februari 2009, akiwa langoni kabisa, akakimbia na mpira yadi 100 hadi upande wa pili. Arizona Cardinals, timu ya Warner wakati huo, wakapoteza 27 kwa 23. Kama Warner mwenyewe alinaswa, ninyi mnaokacha mazoezi mtamwonaje mtu huyo?

Mpira ushikeni kwa mikono miwili, usawa wa kifua, mpaka sekunde ya kurusha. Septemba 2003, akiwa bado Rams, Warner aliuangusha mara sita katika mechi moja dhidi ya New York Giants, na nafasi yake ikaenda kwa Marc Bulger. Mwaka uliofuata, akichezea Giants hao hao, akampisha Eli Manning. Alipohamia Arizona, nako akawekwa nyuma ya Matt Leinart. Akabaki, akajifunza kucheza na glavu mikono yote miwili, akaifikisha Arizona Super Bowl ya kwanza katika historia yake.

Shule: mkitaka vyuo vya daraja la kwanza, ni masomo 16 ya msingi na wastani wa alama (GPA) usiopungua 2.3. Lala mapema. Usimjibu kocha mbele ya watu.

La mwisho ni kichwa, na hapa nawasihi. Novemba 2009 Warner alipogongwa kichwa, mechi iliyofuata hakucheza. Januari 2010 alistaafu akiwa bado na mwaka mmoja wa mkataba, na mwaka 2017 akaingia Jumba la Heshima la futiboli ya kulipwa. Ukigongwa ukaona ukungu, kichefuchefu, au umesahau mchezo ulioitwa, mwambie kocha palepale. Siku hiyo hurudi uwanjani, na sheria ya Iowa inataka ruhusa ya maandishi ya mtaalamu wa afya kabla ya kucheza tena. Najua ninyi ndio mnaowatafsiria wazazi wenu hospitalini. Siku mgonjwa ni wewe, usitafsiri, kwa sababu utamwambia mama ni maumivu madogo ili usikose mechi ya Ijumaa. Ombeni mkalimani, ni haki yenu na hamlipi kitu.