Barua kwa binti yangu anayekwenda kukaa Meymand

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Mama yako kaniambia jana usiku, baada ya kuzunguka sana, kwamba baridi hii hukai Kerman. Unakwenda Meymand, kile kijiji cha Iran kilichochimbwa mwambani, na si kwa matembezi ya siku mbili tatu, ila mpaka theluji iyeyuke, ukae na wale wazee ndani ya nyumba yao ya mwamba. Mimi hukunipigia. Haya, yamepita. Nina neno moja, nalo ni la moto: usilale katika chumba kilichofungwa mlango huku makaa yanawaka. Mengine yote nitakayoandika humu unaweza kuyaacha, hilo usiliache.

Baridi unayoijua wewe ni ya Lushoto, na Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Meymand iko juu ya mita 2,200, hewa yake ni kavu, na usiku unakata masikio. Nyumba yao, kiche, imechimbwa ubavuni mwa mlima na haina dirisha. Mlango ndio unaoingiza watu, ndio unaoingiza mwanga, ndio unaotoa moshi. Moto unawashwa kwenye shimo katikati ya sakafu, na moshi wa vizazi na vizazi umezipaka kuta na dari weusi mtupu. Wenyeji wanausifu weusi huo, wanasema unafukuza wadudu. Sawa. Lakini moshi unaouona haunitishi, huo utakukohoza na utatoka nje mwenyewe. Gesi ya mkaa haina rangi wala harufu. Sitaki kukukumbusha yale ya majirani zetu, asubuhi ile ulikuwepo.

Bibi aliyenipokea mimi enzi zangu za uanafunzi alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kulala anazifukia kaa kwa jivu, anaweka kiganja juu kidogo kusikilizia joto, halafu anaegemeza mlango kwenye jiwe ubaki wazi upana wa vidole vitatu. Baridi ikaingia, nami nikanung'unika kimoyomoyo. Hakujali. Ukikuta mtu wa namna hiyo, mfuate kama kivuli chake. Na wakikuwekea korsi, ile meza fupi yenye blanketi kubwa juu na makaa ya moto chini yake, keti nao, ingiza miguu, kunywa chai, ila kichwa kisiingie chini ya blanketi hata ukiwa unatetemeka. Siku hizi umeme upo na wengine wana hita. Ndiyo maana nasema uulize kabla hujafika, si baada ya kufika.

Mama yako anasema mapenzi yako kwa kijiji kile umeyapata kwangu, kwa hadithi nilizokuwa nikikusimulia umeme ukikatika. Nimeshindwa cha kumjibu.

Rasimu yako ya nyumba za Meymand nimeisoma yote. Nimefurahi mpaka nikamwonyesha fundi aliyekuja kutengeneza kibaraza, naye akakaa na michoro yako kwa muda mrefu akiuliza walichimbaje bila dari kuanguka. Kifarsi chako nacho kimeshanipita. Lakini mwanangu, kurasa nyingi kiasi kile zote ni mwamba. Watu wako wapi? Wale hawakai ndani ya mapango mwaka mzima. Kijiji cha mwambani ni cha baridi tu. Baridi ikikatika wanahamia Sar-e Aghol, kwenye mazizi ya kondoo na mbuzi, wanaishi katika markhaneh, nyumba za mviringo zilizozama ardhini ili upepo upite juu. Kiangazi wanakwenda Sar-e Bagh, kwenye bustani kando ya mito ya msimu, wanachuma matunda na kulima. Kisha baridi inawarudisha kwenye kiche. UNESCO ilipokiingiza kijiji kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2015 ilitazama mzunguko huo mzima, bonde na malisho na mazizi. Ukiandika nyumba za mwambani peke yake utakuwa umepima kitanda ukamwacha anayelala.

Nilirudi huko wakati wa machipuko, na jambo moja sijalisahau. Kiriba cha ngozi ya mbuzi kimetundikwa kwenye miti mitatu, ndani mna mtindi, na mama mmoja anakisukuma mbele na nyuma huku anazungumza na majirani. Ghafla akanyamaza, akainamisha sikio. Sauti ya mtindi ilikuwa imebadilika, imekuwa nzito, akajua siagi imejikusanya. Kilichobaki wakakichemsha mpaka kikaganda, wakakikausha juani kwa ajili ya baridi. Hicho kashk unachokula sasa hivi kinatoka kwenye mikono ya namna hiyo. Kazi ya maziwa ina jengo lake, mashkdan, lenye kuta za mawe yasiyo na udongo ili upepo upenye. Sijaliona kwenye michoro yako. Lipime.

Kuhusu umri wa kijiji, nakuomba uwe mwangalifu. Utasikia miaka 3,000, utasikia 12,000, kila mwenye gari la watalii ana hesabu yake. Wewe andika kilichopimwa na useme nani alikipima. Sifa za kweli zipo za kutosha: walishapata tuzo ya kimataifa ya Melina Mercouri mwaka 2005, miaka 10 kabla ya UNESCO kuwaandika, kwa namna wanavyoyatunza mandhari yao. Msikiti wao umechimbwa kwenye mwamba uleule, na bafu la watu wote pia. Lugha yao ni Kifarsi, lakini wazee wamehifadhi maneno ya kale ambayo watu wa mjini wameshayaacha, kwa hiyo usione haya kumwambia bibi arudie.

Wazee ndio utakaowakuta wengi. Vijana wako Shahr-e Babak, mji wa karibu, wako kwenye mgodi wa shaba wa Miduk, wako Kerman. Mvua zimepungua na mifugo nayo imepungua. Usiwahurumie usoni, hawapendi. Bebabeba kuni, teka maji, shika mtoto kama yupo. Chai ukikaribishwa mara ya kwanza kataa kwa adabu, ya pili pia, ya tatu pokea, na usisifu kitu cha mtu kwa nguvu, atakupa hata kama hana kingine.

Na Shahr-e Babak usiipite kama stendi tu. Maimamu wa Ismaili walihamia mji ule katika karne ya 18, ili wafuasi wao waliokuwa wakitoka India wawafikie kwa wepesi. Aga Khan wa kwanza, Hasan Ali Shah, alikuwa gavana wa Kerman kabla ya kugombana na serikali na kuondoka Iran mwaka 1841. Shule na hospitali za jina hilo unazozijua Dar, mzizi wake umepita hapo utakaposhukia basi. Mtu wa pwani hafiki huko kama mgeni kabisa.

Hapa nyumbani tuko salama. Bati la jikoni tumelibadilisha. Mdogo wako kafaulu ila anataka simu mpya, nimemwambia asubiri. Shangazi yako yuko kwetu tangu wiki iliyopita, mguu bado, anachuliwa kila jioni. Mtungi wa gesi nimenunua, mama yako hautaki, anasema maharage ya gesi hayana ladha. Anapika kwa mkaa, lakini uani. Jiko halivuki kizingiti, hata mvua ikinyesha, na sheria hiyo sijaiondoa tangu asubuhi ile.

Fedha kidogo nimemwachia rafiki yako anayerudi Kerman Jumapili. Nunua soksi za sufu na kifaa cha kupima gesi ya mkaa, kile kidogo kinacholia. Kipo kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Kitundike karibu na unapolala, usikiache kwenye begi. Wenyeji wako wakicheka, waache wacheke.

Nitumie namba yao ya simu kabla hujapanda basi, na uniambie nyumba inapashwa moto kwa kitu gani. Safari hii unipigie mimi.

Baba yako