Barua kwa Atupele kuhusu transfoma ya inveta

Iyunga, Mbeya

Mpendwa Atupele,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Nimefurahi kusikia kwamba mradi wako wa mwaka wa mwisho utakuwa inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ya kuendesha mashine yake ya kutotolesha vifaranga umeme unapokatika, kwa maana mayai yanayohitaji nyuzi joto 37.5 hayawezi kuachwa usiku kucha katika baridi ya Makambako.

Umeniuliza kuhusu transfoma, na hapo ndipo ningependa utulie kuliko penginepo. Wanafunzi wengi huchukua transfoma ya kushusha volti 230 kuwa 12, wakaigeuza, wakitarajia betri ya volti 12 iwarudishie 230. Kwa wimbi la mraba, yaani umeme unaoruka ghafla kutoka upande mmoja hadi mwingine, watakaribia kufanikiwa, na taa za kupasha joto hazitalalamika, lakini mota ya feni itanguruma na kupata moto. Ndiyo sababu naunga mkono uamuzi wako wa kutengeneza wimbi laini la saini, linalopanda na kushuka taratibu kama umeme wa gridi. Sasa kilele cha wimbi hilo hakiwezi kuzidi volti za betri yenyewe, hivyo ukigawanya 12 kwa 1.414 unabaki na volti 8.5 tu za kusomwa na mita, ambazo transfoma ile itazipandisha hadi 163 hivi. Betri ya asidi ikikaribia kuisha hushuka hadi 10.5, nawe utabaki na 7.4, kabla hata ya kutoa zinazopotea kwenye transista na nyaya. Mwombe fundi akusukie transfoma ya volti 7 kwa 230, na usikubali akushawishi vinginevyo.

Uamuzi huo una gharama yake, nayo ni mkondo. Wati 300 kwa volti 7 ni karibu ampea 43, na katika daraja la transista nne, zinazogeuza mwelekeo wa umeme wa betri, mkondo wote hupita katika transista mbili kwa wakati mmoja. Transista aina ya IRF3205 ina ukinzani wa omu 0.008 ikiwa baridi, kwa hiyo zote mbili zitatoa joto la wati 30 hivi. Ukiweka mbilimbili sambamba, joto hilo hupungua kwa nusu. Nyaya za betri ziwe nene na fupi, na fyuzi ikae jirani kabisa na betri.

Kabla ya kuunga betri, hakikisha kwa osiloskopu, kifaa kinachoonyesha umbo la wimbi, kwamba transista ya juu na ya chini za upande mmoja haziwaki pamoja, hata kwa sehemu ya mikrosekunde, kwa sababu zikiwaka pamoja ni shoti, na betri haina huruma kama chanzo cha maabara chenye kikomo cha mkondo. Tena, tafadhali sana, usiiunganishe inveta kwenye soketi ya nyumba: umeme wake utarudi kwenye nyaya za nje, na fundi aliye juu ya nguzo anaweza kupoteza maisha.

Nipimie wati za mashine ya mama, taa na feni zikiwa zimewaka pamoja. Mimi nimekadiria 200, na kwa kadirio hilo betri ya ampea-saa 100, ukitumia nusu yake tu ili isife mapema, itakupa saa mbili na nusu hivi, baada ya kutoa nguvu inayopotea kwenye inveta. Ukiniletea kipimo halisi, nitakufanyia hesabu upya.

Rafiki yako,
Gwamaka