Kabla hujapanda gari la Eldoret

Mwanangu Mutua,

Mama yako amenikataza kukuandikia, eti nitakuharibia safari. Naandika tu. Ile chupa ndogo niliyoikuta ndani ya soksi zako nikitafuta chaja, na sindano zake mbili, nimeirudisha palepale. Sikuitupa.

Nilimwonyesha mfamasia picha yake. Akasema ni homoni ya kukuza misuli, na mwili ukizoea kuletewa unaacha kutengeneza ya kwake: korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua, moyo nao unaweza kutanuka. Hasira pia hupanda. Nikakumbuka dada yako na mlango wa bafu, nikanyamaza.

Sikukatazi vyuma. Kukuona saa kumi na moja alfajiri ukinyanyua ile saruji uliyomimina kwenye mikebe ya rangi, wenzako ndio kwanza wanatoka klabu, kunanipa raha ambayo sijawahi kukwambia. Mimi hilo sikuliweza. Pale soko la Marikiti nilikuwa nabeba gunia la viazi kama nimebeba mtoto, lakini jioni mlango wa baa ulinishinda kuupita. Mengine muulize mama yako.

Sasa sindano za nini? Una miaka 22, nani anakukimbiza? Huko uendako, Kaptagat kwenye kambi ya wakimbiaji si mbali. Kipchoge alikimbia kilomita 42 na ushee kule Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, na bado kambini alikuwa akisafisha vyoo kwa zamu kama wenzake. Miaka nenda rudi ni mazoezi yaleyale. Tena ni mwembamba kukuliko!

Wewe unabonyeza simu hadi saa nane usiku, asubuhi unatafuta poda ya protini. Mayai yapo, ndengu zipo.

Narudia, hiyo chupa usisafiri nayo. Kama ulishaanza kujidunga, usiache kimyakimya ukaugulia chumbani peke yako. Mwone daktari. Pesa nitatuma, hata kodi ikichelewa.

Maji yalirudi jana, mama amejaza mitungi yote. Gesi uliyoahidi kujaza bado. Ufunguo wa geti mpe dada yako mkononi, na umwombe msamaha hapohapo.

Vyuma vyako nimevisogeza chini ya ngazi, landilodi asije akapiga kelele. Kimoja nilijaribu kukinyanyua. Mgongo unaniuma mpaka leo, usimwambie mama.

Baba yako