Hizo 490 za hesabu

Mwanangu,

Sisi huku Mombasa hatujambo. Mamako mdogo ameniambia kwamba tangu matokeo ya PSAT yatoke hutaki kuulizwa kitu, na umesema chuo hukiwezi. Nani kakwambia? Mtihani wa mazoezi huo, wa kujipima kabla ya SAT, ule wa kuombea vyuo vya Marekani; matokeo yake hayatumwi chuo chochote.

Picha ya matokeo nimeiona. 1080. Mjomba wako akachukua kalkuleta, akagawa kwa 1520, alama ya juu kabisa, akatangaza asilimia 71. Nikamwambia hazigawanywi hivyo, maana hata anayekosa maswali yote hupewa 320. Na ile asilimia iliyo kando ya alama si maksi, inaonyesha umewafikia au kuwapita wanafunzi wangapi katika kila mia. Wastani umeupita. Kiingereza 590, na kiwango chao cha kuwa tayari kwa chuo, kwa darasa lako la 11, ni 460! Wewe uliyefika Columbus, Marekani, ukiwa huwezi hata kumwuliza dereva basi linakwenda wapi. Hilo nimelisema barazani, usinune.

Lakini hesabu, mwanangu. 490, nao wanataka 510, na kwa SAT yenyewe 530. Mizani ya mitihani hiyo ni moja: 490 uliyopata ndiyo ambayo ungeipata kwenye SAT siku ile ile. Haitapanda yenyewe kwa sababu umelia. Fungua tena matokeo, utaona hesabu zimegawanywa mafungu manne: aljebra, hesabu za juu, takwimu, na jiometri. Lipi limekuangusha? Hilo ndilo ninalotaka kulijua. Dukani ulipenda kupima sukari, chenji unaniachia mimi, nami nikaipokea tu kazi hiyo.

Mwenzako wa 1400 mwache na yake. Anaiwania National Merit, tuzo ya ufadhili wa masomo inayoanzia kwenye alama za PSAT, na wanaoifikia ni wachache mno. Alama nzuri kwako itatoka kwenye chuo unachokitaka: tazama nusu ya katikati ya waliopokelewa walipata kati ya ngapi na ngapi, ujipime hapo. Vipo vyuo visivyodai SAT kabisa, ila usije ukanijia na hoja hiyo kabla hujagusa hesabu. Khan Academy, ule mtandao wa masomo, ni bure, basi suala la pesa halipo. Kila jioni hesabu, hata nusu saa. Si Kiingereza, hicho unakikimbilia kwa kuwa kinakupenda.

Bibi yako goti limemrudia. Vuli imetukuta bati la jikoni halijabadilishwa, fundi kala kianzio kisha haonekani, sufuria ndizo zinazokinga maji. Mwambie mamako mdogo pesa za dawa zimefika, lakini asimpe tena yule kijana, atume kwa simu. Na koti zito unalivaa, au bado unasema linakunenepesha?

Nipigie Jumamosi baada ya Isha ya huku, mchana dukani hatusikilizani. Uje na jibu: aljebra, au jiometri?

Babako