Wapangaji wadogo, someni mkataba kabla ya kutia sahihi

Mhariri,

Mwenye duka la viatu katika jumba la biashara jijini Nairobi hutozwa kodi ya juu kwa kila futi ya mraba kuliko supamaketi iliyo chini yake. Hukubali kwa kuwa supamaketi ndiyo huleta wateja. Lakini ikifungwa je? Kampuni ya supamaketi ya Nakumatt ilipoporomoka kibiashara, jumba la Thika Road Mall lilipata supamaketi nyingine, Carrefour. Si kila jumba hubahatika hivyo.

Mpangaji adai kifungu kinachopunguza kodi tangu siku supamaketi inapofunga hadi nyingine ifunguliwe. Pia ada ya huduma (walinzi, lifti, jenereta, usafi) igawanywe kwa eneo lote la jumba. Ikigawanywa kwa maduka yenye watu pekee, waliobaki hulipia vyumba vitupu, nao huhama mmoja mmoja.

Tena kuna ujanja wa wenye majumba wa kuandika mikataba ya miaka 5 na miezi 3. Sura ya 301 ya sheria za Kenya, inayohusu wapangaji wa maduka, hulinda mikataba isiyozidi miaka 5. Miezi hiyo 3 kwa kawaida humnyima mpangaji nafasi ya kulalamika katika baraza la kodi za majengo ya biashara. Bunge liuzibe mwanya huu.

Msomaji,
Kasarani, Nairobi